Thelathini Wakiwa Kazini

Jumatatu, 15 Juni 1964. Butembo

Siku imeanza vizuri mno. Chai, mkate, viatu vinang'aa. Nimesimama mlangoni pa ofisi nikisoma kibao changu: STANISLAS MUYISA, OFISA WA PROGRAMU. Nimekifuta vumbi kwa mkono wa shati. Kabla ya Uhuru nilikuwa naandika uzito wa magunia ya kahawa ya Mbelgiji. Leo mradi wa Umoja wa Mataifa unaofundisha watu useremala, upande wote wa Butembo, uko mikononi mwangu. Nikipita sokoni wamama wananiita chef, bosi!

Saa nne, telegramu ya wakubwa kutoka Leopoldville. Naiandika hapa kwa Kiswahili: MTAALAMU SAINTILUS ANAFIKA TAREHE 24. ATAHAKIKI MAFUNDI THELATHINI WAKIWA KAZINI. BUTEMBO AU BENI, KITUO KIMOJA TU KITABAKI.

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena.

Kituo cha Beni ni cha Lukumani Amisi. Ofisa kama mimi tu, ila baba yake ana kamyo mbili za mizigo, na yeye mwenyewe anajua kucheka kwa Kifaransa. Kufungiwa kituo kwa ajili ya Lukumani! Afadhali nirudi kwenye magunia.

Ripoti zangu nne za mwisho zote zinasema nina watu thelathini. Nimekwenda karakana kuhesabu. Kumi na mmoja. Nimehesabu upya. Kumi, maana mmoja alikuwa ametoka kwenda chooni. Wale kumi na tisa wengine walikuja, wakajifunza kutengeneza mlango, wakapotea. Watu wasio na shukrani!

Anne-Marie, anayepiga taipu ofisini, amesoma telegramu mara mbili. Akauliza kama tusingewaandikia Leopoldville watueleze "wakiwa kazini" maana yake hasa ni nini. Nimemwambia maana yake ni watu wamesimama na misumeno mkononi. Ofisa haulizi. Ofisa anaelewa. Amesema "bon", yaani sawa, kwa ile sauti yake.

Nitapata thelathini. Nina siku tisa na akili timamu.

Jumanne, 16 Juni

Akili timamu imezaa matunda! Nimepanda baiskeli hadi kwetu Musienene, jioni ya mazoezi ya kwaya. Wazo: mtu anayejua kufungua mdomo pamoja na wenzake atashindwaje kusukuma randa pamoja na wenzake?

Nimewahutubia. Nimesema mtaalamu anakuja na kamera, na picha yao itatundikwa ukutani Geneva, makao ya mradi. Nimeongeza chakula cha mchana, sombe ya majani ya muhogo na nyama. Walitaka kuja wote, lakini maharagwe yako shambani na wake zao walikuwa wanasikiliza dirishani. Wamebaki kumi. Kiongozi wao ni Abdias, mwimbaji wa sauti ya juu, mwenye shingo ndefu. Ameuliza kama fundi anaruhusiwa kufunga tai.

Kumi na mmoja na kumi, ishirini na mmoja. Wamebaki tisa. Karibu kabisa!

Alhamisi, 18 Juni. Beni

Nimekuja kupeleleza. Nimevaa koti bovu la mjomba, kofia ya majani, gunia la viazi begani. Mfanyabiashara halisi. Joto la Beni si mchezo, koti limenishika kama ngozi ya pili.

Nimezunguka hadi nyuma ya karakana ya Lukumani na kuchungulia. Makoti ya kaki yametundikwa ukutani kwa mstari, kila moja na msumari wake. Nikahesabu. Thelathini! Niliona kibao changu kikichomwa kuni.

Halafu nikasikia sauti mgongoni: "Karibu, Baba Viazi."

Lukumani, shati jeupe, limepigwa pasi. Sikujibu kwa sauti yangu, nilijibu kwa sauti ya mzee. Akasikiliza kwa heshima zote. Akasema anataka kuona viazi vyote, kimoja kimoja, na vifikishwe jikoni kwa mama yake, ng'ambo ya pili ya mji. Nikabeba. Jua la saa saba! Tulipofika, mama yake akaniangalia na kusema: "Mais, lakini huyu si Stani wa bureau ya Butembo? Mwana wangu, nani alikufanya hivi?"

Wamenipa pilau. Nimekula nikiwa nimekasirika. Ilikuwa nzuri.

Baada ya kunawa mikono nikamuuliza Lukumani, bila kupindapinda, mafundi wake thelathini wako wapi. Akacheza na kofia yake. Mwishowe akasema: "Ndugu Stani, mutu akiona koti, anajua mwenyewe eko karibu."

Basi. Makoti thelathini, watu tisa. Tisa!

Nikamkumbatia. Hakuelewa kwanza. Nikamwambia: kumi na mmoja wangu, kumi wa kwaya, tisa wako. Thelathini kamili, hesabu imekubali yenyewe! Jumatano mtaalamu anawaona Butembo. Usiku analala misheni. Alhamisi alfajiri kamyo ya baba yako inawabeba wote, mtaalamu anakuja nyuma polepole na jeep, na saa tatu anawakuta Beni, ndani ya makoti. Vituo viwili, thelathini na thelathini. Watafunga kipi?

Lukumani amesema mimi ni shetani. Amesema kwa upendo. Tumepeana mikono. Hata hivyo makoti ni yake, na amelitaja hilo mara tatu.

Jumatatu, 22 Juni. Butembo

Mazoezi. Lukumani ameleta tisa wake kwa kamyo, na makoti yote. Mzee Maliro, fundi mkuu wetu, amefundisha useremala tangu kabla sijazaliwa. Nimemwomba awageuze waimbaji kuwa mafundi kwa siku mbili. Alimtazama Abdias akishika randa juu chini. Akauliza kama kuna mtu amekufa, maana yeye huona mambo ya namna hii kwenye matanga tu.

Waimbaji wanasukuma wote pamoja, ni kweli. Tatizo ni kwamba hawawezi kusukuma bila kuimba. Nimewakataza. Wakaanza kuguna, sauti nne.

Nimewafundisha wote maneno ya kujibu. Ukiulizwa upo hapa tangu lini: miaka miwili. Ukiulizwa unapenda kazi: sana. Ukiulizwa kitu kingine: kohoa.

Kwa ajili ya Beni nimewapa waimbaji majina mapya. Abdias atakuwa Zorobabel. Nimepanga pia masharubu ya mkaa kwa watu watano, ili mtaalamu asikumbuke sura. Lukumani anasema masharubu yamezidi. Wivu.

Redio inasema waasi wameshika mji mwingine huko kusini, na maaskari wa Umoja wa Mataifa wanaondoka nchini mwisho wa mwezi. Watu sokoni wanaongea kwa sauti ya chini. Anne-Marie ameuliza kama ni wiki nzuri ya kupakia wanaume thelathini na mashoka kwenye kamyo. Nimemwambia si mashoka peke yake, kuna misumeno pia.

Jumatano, 24 Juni

Amefika! Tulimngoja mzungu. Kumbe Bwana Saintilus ni mweusi kuliko mimi, mtu wa Haiti, miwani ya duara, mwembamba, hacheki. Mzee Maliro alimsalimu "wavukire" na kuendelea kwa Kinande kitupu, lugha yetu. Mgeni akajibu kwa Kifaransa kwamba hasikii lugha hiyo. Mzee akanigeukia: "Anakataa kwao. Mais ile pua mi najua, ni ya batu ya Lubero."

Karakana ilikuwa tamasha. Thelathini! Randa thelathini zikienda na kurudi. Bwana Saintilus akapita taratibu na daftari. Akamuuliza wa kwanza: uko hapa tangu lini? "Miaka miwili!" Wa pili: "Miaka miwili!" Abdias alijibu kwa sauti ya juu sana, karibu wimbo.

Ajabu: kila jibu, uso wa mtaalamu ulizidi kuwa mzito. Mpaka wa thelathini alikuwa kama mtu anayesindikiza jeneza. Aliuliza kwa upole: wote, miaka miwili, hapahapa? Nikasema wote, bwana, hakuna hata mmoja aliyetuacha! Akafumba daftari. Nadhani ni sombe, tumbo lake halijaizoea.

Hakupiga picha. Abdias amenuna.

Anne-Marie anataka kuja Beni kesho, ana shangazi huko. Nimekubali. Atakaa mbele na kikapu chake.

Alhamisi, 25 Juni

Sijui nianzie wapi. Naandika hata hivyo.

Tumeondoka alfajiri. Lukumani usukani, Anne-Marie katikati, mimi dirishani. Nyuma, Mzee Maliro na thelathini ndani ya makoti ya kaki, vifaa miguuni. Ukungu, baridi, waimbaji wanaguna. Nilijisikia kama jenerali.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Tulionekana kama jeshi.

Karibu na Maboya kuna bariera mpya, kizuizi cha maaskari. Jana haikuwepo. Sajini akatazama nyuma ya kamyo. Wanaume thelathini wamevaa sare, mashoka, watano wana masharubu yanayofanana. Akapiga kelele kwa Lingala: "Bino banani?" Ninyi ni nani! Bunduki sita zikainuka pamoja. Nimewahi kuandika katika ripoti kwamba "hali ni ya wasiwasi". Sikujua naandika nini.

Wote chini, mikono kichwani, mstari kando ya barabara. Mimi nilijitambulisha: ofisa wa programu, hawa ni maseremala wa Butembo. Wakati huohuo, upande wa pili wa kamyo, Lukumani alikuwa akimwambia askari mwingine kuwa hawa ni maseremala wa Beni. Askari wakaambiana. Sajini akatabasamu. Sipendi kuliona tena tabasamu lile.

Akasema kwa Kiswahili chake: "Bon. Kama beko maseremala, moya akate mbao."

Kati ya thelathini, ishirini ni mafundi kweli, wanaweza kukata unywele. Sajini akamchagua mwenye shingo ndefu.

Abdias akashika msumeno. Akakata. Ubao ulitoka umepinda kama njia ya kwenda mtoni. Sajini akamuuliza jina. Akajibu: "Abdias, chef. Mais tukifika Beni, Zorobabel."

Sajini akavuta komeo la bunduki. Nilisikia kile chuma. Jasho likawatoka wote, na masharubu matano yakaanza kushuka kuelekea kidevuni. Abdias akalia kwamba yeye si seremala, yeye ni mwimbaji! Imba basi, sajini akasema, na akamnyooshea kidole mtu mwingine kabisa: fundi mmoja wa Lukumani, karibu bubu, ambaye hajawahi kuimba hata akioga. Akatoa sauti kama mlango. Nikaanza kusali. Lukumani kando yangu alikuwa anasali pia, kwa Kiarabu. Mabega yetu yaligusana. Nilimpenda sana dakika ile.

Jeep ikafika. Bwana Saintilus akashuka, akatazama mstari wote, mikono kichwani. Sajini akamuuliza kama anawajua. Akasema ndiyo, ni maseremala wa Butembo, aliwaona jana. Sajini: "Yule wa kamyo anasema ni ya Beni." Mtaalamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanitazama mimi. Nilikohoa, kama tulivyofanya mazoezi.

Hapo mlango wa kamyo ukafunguka. Anne-Marie akashuka na kikapu. Juu kitambaa, chini yake daftari kubwa jeusi. Akamwambia sajini: "Papa sajini, uniache nisome. Kila mutu akisikia jina yake, aende kando." Akasoma kumi na mmoja wa Butembo, jina, baba, kijiji. Wakaenda kushoto. Akasoma tisa wa Beni, aliwaandika jana mmoja mmoja. Wakaenda kulia. Waliobaki katikati kumi. "Hawa beko kwaya ya Musienene. Chef wangu aliwadanganya picha."

Sajini akasema kumi waimbe. Wakaimba misa kwa Kilatini, mikono bado kichwani, sauti nne, ukungu ukiondoka juu ya Maboya. Sijawahi kuisikia vizuri hivyo. Askari mmoja alivua kofia. Sajini akashusha bunduki, akaomba wimbo wa pili, na wa tatu. Akatuachia saa tano. Mzee Maliro alikuwa amekwisha kumtengenezea mguu wa kiti.

Nimelala chini ya mti wa kwanza baada ya bariera, kifudifudi, kwa furaha. Niko hai!

Kisha nikakumbuka mtaalamu.

Ijumaa, 26 Juni. Beni

Tulikaa mbele yake saa mbili nzima, mimi na Lukumani, kama wanafunzi waliokojoa darasani. Yeye alisoma daftari la Anne-Marie, ukurasa kwa ukurasa. Hakutuangalia.

Kumbe daftari lile ameliandika kwa miaka miwili, kila mtu aliyetoka, ameenda wapi, anafanya nini! Wale kumi na tisa wangu wasio na shukrani: wanne wanatengeneza milango Kirumba. Mmoja majeneza Lubero, anaajiri wengine watatu. Wawili viti vya kanisa. Wengine bodi za kamyo, mizinga ya nyuki, vitanda. Wote kumi na tisa wana kazi. Wa Lukumani waliotoka, kumi na saba, hivyohivyo. Anne-Marie amekuwa akiwaandikia barua.

Mtaalamu akaanza kusema, na sauti ilimpanda. Aliuliza telegramu ilisema nini. Mafundi thelathini wakiwa kazini. Kazini! Kwao, mjini, wanaolisha watoto! Sisi hatufungui bweni, akasema. Kituo ambacho baada ya miaka miwili bado kina watu wote thelathini ndani ni kituo kilichoshindwa, na Jumatano alikuwa amekwisha kuandika barua ya kufunga Butembo. Akaitoa mfukoni. Akaichana mbele yangu.

Nilikuwa nimefanya kazi nzuri miaka miwili na kuificha kwa jasho langu lote!

Uamuzi: kumi na tisa na kumi na saba, thelathini na sita. Kituo kimoja, karakana mbili, Butembo na Beni. Hakuna kufunga. Lukumani akalia wazi. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Anne-Marie anapandishwa: mwangalizi wa takwimu wa karakana zote mbili, na ripoti yoyote bila sahihi yake haiendi Leopoldville.

Mtaalamu alitupa mkono. Alisema anaomba kitu kimoja tu kutoka kwetu: ukweli, na benchi za kazi zinazoachia nafasi watu wapya kila mwaka. Tumeapa. Mwezi ujao msaidizi wake atakuja kutazama.

Jumanne, 30 Juni. Butembo

Sikukuu ya Uhuru! Gwaride, tarumbeta, vumbi. Mafundi wetu wamepita na randa begani, wa Butembo na wa Beni mstari mmoja, Mzee Maliro mbele. Nyuma yao kwaya ya Musienene. Bwana Saintilus, kabla ya kupanda ndege, aliwapiga ile picha. Abdias alifunga tai mbili.

Mama mmoja kutoka Kirumba alinishika mkono mbele ya watu. Mwanawe ni mmoja wa wale wanne wa milango. Akasema "wasingya, wasingya", asante, akataka kupiga magoti, nikamzuia. Nimekaa baadaye peke yangu ofisini nikasoma lile daftari jeusi toka mwanzo. Kila jina lina mlango wake mahali fulani. Nilijiambia: Stanislas, sasa umeelewa.

Alhamisi, 2 Julai

Nimeelewa kabisa! Nimekaa siku mbili nikiyapima maneno ya mtaalamu, na siri nimeishika. Karakana iliyojaa ni kushindwa. Basi karakana tupu ni ushindi!

Msaidizi wake anakuja tarehe 15. Nimewapa wote kumi na mmoja likizo. Mmoja alikuwa katikati ya kabati, nikamwambia kabati litangoja. Anne-Marie amekataa kutia sahihi, amesema maneno ambayo sitayaandika. Mzee Maliro ameuliza nani atafundishwa. Nimemjibu hilo ndilo swali la watu wasiosoma telegramu vizuri.

Karakana ilipendeza. Upepo tu, na vumbi la mbao. Nilipita ndani nikitembea taratibu kama mtaalamu.

Saa kumi dereva wa kamyo ametoka Beni na habari. Lukumani naye amewapa watu wake likizo. Na ameondoa benchi! Zote! Eti karakana yake iko wazi kama kiganja.

Mshenzi yule. Hanishindi.

Nimeondoa benchi zangu, makabati na madirisha. Bado inaonekana kama jengo. Nimeazima ngazi kwa jirani. Kesho nabomoa paa.